Jinsi ya kutengeneza video fupi za lishe na mazoezi pamoja na vijana wa sekondari

Mwongozo huu unamlenga mlezi wa klabu ya afya shuleni ambaye anataka vijana watengeneze video wenyewe badala ya kutazama tu za wengine. Simu moja ya mwalimu inatosha, kwa kuwa shule nyingi za Tanzania haziwaruhusu wanafunzi kuwa na simu.

Hatua ya 1. Chagueni swali moja linalojibika ndani ya dakika moja, kwa mfano: soda moja ina sukari kiasi gani?

Hatua ya 2. Fanyeni hesabu kabla ya kurekodi, kwa sababu hapa ndipo video nyingi huharibika. Lebo kwa kawaida hutaja sukari iliyomo katika kila mililita 100, si katika chupa nzima. Hivyo soda yenye gramu 10.6 kwa mililita 100 huwa na gramu 37 hivi katika chupa ya mililita 350. Mnapotaka kuionyesha sukari hiyo mbele ya kamera, msiipime kwa kijiko. Kijiko cha chai kilichosawazishwa huchukua takriban gramu 4, lakini kikirundikwa huchukua zaidi, na mtazamaji atakayerudia jaribio nyumbani akapata jibu tofauti hatawaamini tena. Tumieni mizani ya jikoni, kisha mimineni sukari kwenye glasi angavu.

Linganisheni kiasi hicho na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015, unaotaka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 hivi kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000. Ubishi utazuka kuhusu juisi ya miwa na ya maembe. Mwongozo huo huihesabu sukari ya juisi na ya asali pia, ila hauihesabu iliyomo katika tunda linaloliwa zima. Rekodini ubishi wenyewe, kwani unafundisha kuliko maelezo ya mwalimu.

Hatua ya 3. Rekodini mahali tulivu, simu ikiwa imeegemezwa.

Hatua ya 4. Kwa video za mazoezi, onyesheni rede, kuruka kamba au kutembea kwa kasi kwenda shuleni. Wenye umri wa miaka 5 hadi 17 wanashauriwa kufikisha wastani wa dakika 60 kwa siku, ambazo si lazima ziwe za mfululizo. Sikubali kabisa video za kupima uzito au kulinganisha miili, wala programu za kuhesabu kalori, kwa sababu kijana ambaye bado anakua huambulia aibu tu.

Hatua ya 5. Andikeni maneno makuu juu ya picha, punguzeni ukubwa wa faili ili lisimalize bando la mzazi, kisha litumeni kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Wiki inayofuata, waulizeni wanafunzi walinunua nini wakati wa mapumziko, na majibu yao yawape swali la video inayofuata.