Mbwa Akitoka kwa Daktari: Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujamfungulia Geti

Mbwa aliyegongwa na bodaboda pale Majengo, au aliyelazwa na homa ya kupe kule Njiro, hatibiwi na daktari peke yake. Daktari anachoma sindano, anashona, anafunga, anakuandikia vidonge, basi. Kazi ya kupona inafanyika nyumbani, na nyumbani kwa wengi wetu hakuna kilichoandaliwa. Mbwa anashushwa kwenye bajaji, watoto wanashangilia, mtu anamtupia mfupa wa pongezi, na kesho yake safari ya kwa daktari inaanza upya. Haya yafanye kabla hujaenda kumchukua. Ukishafika naye getini umechelewa.

Usafiri kwanza. Bodaboda hapana, hata dereva akikuapia kwamba juzi alibeba mbuzi wawili. Mbwa aliyevunjika anatakiwa alazwe ubavu juu ya kitu kigumu kilichonyooka: ubao, mlango wa kabati bovu, chochote kisichopinda. Mdogo anaenea kwenye bajaji. Kwa mkubwa kodi kirikuu, tandika godoro nyuma, na mtu mmoja akae naye njia nzima. Mfunge mdomo kwa kitambaa laini, hata kama ni mbwa uliyemlea tangu hajafumbua macho, kwa sababu akiumia anang'ata mkono wowote ulio karibu. Ila kama anatapika au anahema kwa shida, usimfunge.

Kadi ya chanjo uitafute leo, usisubiri kuulizwa. Utakuwa unamtia mkono mdomoni kila siku kumpa dawa, kwa hiyo suala la chanjo ya kichaa cha mbwa si karatasi tu. Kama hajachanjwa, mwambie daktari ukweli. Na mbwa anayetiririka udenda, anayeshindwa kumeza, aliyebadilika sauti na tabia, usijifanye fundi ukaingiza mkono kooni ukitafuta mfupa uliokwama. Mfungie mahali, mpigie daktari. Yeyote aliyeng'atwa, au aliyelambwa kwenye kidonda, aoshe hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile. Kwa binadamu ugonjwa huu ukishaonyesha dalili, hakuna daktari wa kukuokoa, iwe hospitali ya Mawenzi, iwe KCMC.

Mahali pa kulala pasiwe banda la nje. Arusha mwezi wa Julai wewe mwenyewe unalala na blanketi mbili, halafu mgonjwa umwache kwenye bati? Stoo inafaa, veranda iliyozibwa upepo inafaa, kona ya jikoni inafaa. Marumaru zinateleza, na mbwa anayetembelea miguu mitatu akiteleza anaweza kuharibu kilichoungwa, hivyo tandika zulia kuukuu au magunia hadi kwenye mlango anaotokea. Apate nafasi ya kujigeuza na kujinyoosha, asipate ya kurukia. Mfupa wa mbwa mzima unachukua kama wiki 6 hadi 8 kushika vizuri, mtoto wa mbwa kidogo huwahi. Muda wote huo atoke kwa haja tu, akiwa kwenye kamba, nawe umeishika. Atakulilia, atakutazama kwa jicho la yatima. Vumilia.

Koni ya shingoni ni lazima kama ana nyuzi, maana ulimi wake utafumua kwa usiku mmoja kazi ya saa nzima. Usipoipata, chukua ndoo ndogo ya plastiki, kata kitako, zungushia utepe wa gundi au kitambaa kwenye ukingo usimkate, toboa matundu uifunge na mkanda wake wa shingoni. Hakikisha anafikia bakuli la maji. Nyuzi kwa kawaida hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14.

Chakula: wali laini na kuku wa kuchemsha asiye na ngozi, kidogokidogo mara nne kwa siku, bila chumvi na bila mafuta. Kitunguu ni sumu kwa mbwa, kibichi au kilichopikwa, kwa hiyo ile supu ya baa mnayomletea "apate nguvu" kunyweni wenyewe. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Asiyekula kabisa kwa siku nzima, au anayetapika hata maji, rudi kwa daktari, usimkabe kwa uji.

Dawa. Hapa nitakuwa mkali. Usimpe mbwa Panadol, diklofenaki wala ibuprofeni iliyobaki kwenye droo yenu. Mbili za mwisho zinamtoboa tumbo na kumuua figo, na Panadol inaweza kumharibu ini. Kama anaonekana ana maumivu, daktari anazo dawa za maumivu za mbwa, omba kabla hujaondoka. Na vidonge vimalizwe. Homa ya kupe ndiyo inawadanganya watu kuliko zote: mbwa alikuwa haamki, mkojo rangi ya kahawa, fizi nyeupe kama karatasi, anachomwa sindano, siku ya pili anatikisa mkia. Mwenye mbwa anaona kazi imeisha, anasahau vidonge vya doksisaikilini ambavyo mara nyingi huandikwa kwa wiki 3 au 4. Halafu anashangaa ugonjwa "umerudi". Nunua kipimajoto cha mbwa, kiandike jina lake, kisije kikarudi kwenye kabati la watoto, kwani kinaingia nyuma. Nyuzi 38 hadi 39 ni kawaida yake, usikimbie. Kila asubuhi inua mdomo, bonyeza ufizi kwa kidole uwe mweupe, uachie: rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde 2. Mbwa mwenye fizi nyeusi, mtazame ndani ya kope la chini.

Kwenye plasta ngumu, ile POP, nitakaa zaidi. Watu wanadhani ikishakauka imemaliza kazi.

Shangazi yangu anaishi Kibosho, juu ya Moshi, ambako Aprili mvua inashinda na kulala. Mbwa wake, Popi, aligongwa na pikipiki, mguu wa mbele ukavunjika chini ya kiwiko. Akapelekwa mjini akafungwa vizuri kabisa, na shangazi akapewa maagizo mawili: asitembee, na plasta isilowe. Shangazi ni mwalimu mstaafu. Akiambiwa isilowe, haitalowa. Mifuko ya rambo ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini mfuko wa mkate haukosekani jikoni kwa mtu. Akauvisha mguu wote, akaukaza juu kwa ule mpira wa kufungia noti. Mvua ikapiga, plasta haikuguswa na tone. Majirani waliopita kumjulia hali Popi wakasifu. Mfuko haukuvuliwa mchana, haukuvuliwa usiku.

Mbwa anatoa jasho kwenye nyayo. Jasho likikosa pa kwenda linaloweka bandeji kutoka ndani, ngozi inalainika, inachubuka, inaanza kuoza, na plasta kwa nje bado ni kavu na nyeupe. Mpira nao huku juu unabana damu. Popi akaanza kutafuna plasta, wakamkemea. Akapunguza kula, wakasema amechoka kufungiwa. Binamu yangu akasema stoo inanuka panya aliyekufa. Wakamtafuta panya huyo nyuma ya magunia ya mahindi, wakahamisha mpaka debe la mwisho, wakafagia, panya hakuna.

Nilipofika mwisho wa wiki shangazi alinipokea kwa "karibu mwanangu, mgonjwa wako anaendelea vizuri." Nilivua mfuko. Plasta huachwa makusudi na vidole viwili vya kati vikichungulia kwa chini. Vya Popi vilikuwa vimevimba hata kucha zimepanuka, kila moja inatazama upande wake, na vilikuwa baridi. Nikakibana kimoja kwa nguvu. Hakuvuta mguu, hakulia, alinitazama tu. Daktari alipokata plasta hapakuwa na cha kuokoa, mguu ukaondolewa kuanzia begani. Popi yuko hai, anawakimbiza kuku wa jirani kwa miguu mitatu na wala hana habari. Kilichomliza shangazi ni kwamba mfupa wenyewe ulikuwa umeshaanza kushika.

Hapakuwa na mzembe kwenye nyumba ile. Mbwa anayepona anaumizwa na huruma kuliko anavyoumizwa na uvivu: mfupa wa pongezi, supu ya baa, Panadol ya usiku, mfuko wa mkate. Kwa hiyo kabla hujatoka kwa daktari muulize maswali haya na uandike majibu: plasta inabadilishwa lini, nitajuaje imebana, nikiona nini nije bila kusubiri tarehe. Nyumbani, asubuhi na jioni, shika vile vidole viwili, vilinganishe na vya mguu mzima, viwe na joto lilelile na kucha zikae karibukaribu. Kisha inama unuse, juu ya plasta na chini. Usione aibu, nusa. Mfuko anavaa anapotoka kwenye majani mabichi tu, unafungwa kwa kitambaa bila kukazwa, na anavuliwa akiingia. Plasta ikilowa, ikishuka, ikitoa harufu, au akianza ghafla kuitafuna, ni safari ya siku hiyohiyo. Usiifungue mwenyewe kwa mkasi wa jikoni.

Sasa jina la mtu wa kumhudumia. Nani anashinda nyumbani? Kwa shangazi kila mmoja alijua mwenzake ameelekezwa. Chagua mtu mmoja, andika kwenye karatasi saa za dawa na hayo ya vidole, ibandike mlangoni mwa jiko, awe anaweka alama. Kama ni dada wa kazi au mlinzi, muulize kwanza kama anaogopa mbwa, na kama imani yake inamruhusu kushika udenda wa mbwa. Wengine watakuitikia "sawa bosi" kwa heshima tu, halafu kidonge kinaishia kwenye maua. Asiyeweza asilazimishwe, panga saa zako wewe.

Kupe: safisha anapolala kabla hajarudi, choma matandiko ya zamani. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usiipime kwa kizibo kwa kubahatisha, na mbwa dhaifu au mwenye kidonda usimwogeshe nayo hata kama jirani anaapa. Uliza.

Aliyepona parvo, ule ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuhara damu, ni habari nyingine. Virusi vyake vinakaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka. Sakafu ioshwe kwanza kwa sabuni iwe safi, ndipo upitishe Jik, kipimo kimoja kwa maji vipimo 30, uiache dakika kama 10. Ua wa udongo hauoshiki, kwa hiyo usilete mtoto wa mbwa asiyemaliza chanjo kwenye ua huo kwa mwaka mzima, hata ukipewa bure na shemeji. Chanjo huanza akiwa na wiki 6 hadi 8 na hurudiwa mpaka afike wiki 16. Moja haitoshi.

Weka pia hela ya kurudi kwa daktari, na nauli yake. Wapo watakaokuambia "si mbwa tu, utapata mwingine." Waitikie, uendelee na safari yako.

Na kama kupona kwake kutaangukia Desemba huku kwetu, zidisha umakini. Ukoo mzima unapanda kutoka Dar, geti halifungwi, watoto wanaotaka kucheza na mgonjwa ni wengi kuliko vyumba, mbuzi wanachinjwa, mifupa inatupwa kila upande, na babu mmoja atammiminia machicha ya mbege akisema hata nguruwe wanakula. Pombe ni sumu kwake, machicha yakiwemo. Mhamishie chumba chenye ufunguo, ufunguo ukae mfukoni mwako. Usiku wa mwaka mpya, fataki zikianza, mtu alale naye. Na muulize daktari mapema kama naye anakwenda nyumbani sikukuu, na nani anashika zamu yake, upate namba ya huyo kabla ya tarehe 20.