Degedege likitulia, simamisha video

Ninafundisha wauguzi wa dharura hapa Kisumu. Video fupi ya kisa imewasaidia wanafunzi wangu kuliko slaidi, ila lazima iandaliwe hivi.

Hatua ya 1: Chagua kisa kimoja, kosa moja. Mimi huanza na mtoto mwenye degedege la malaria kali, maana huku kando ya Ziwa Viktoria hawatamkwepa. Kosa ni kusahau kupima sukari.

Hatua ya 2: Andika kisa kama kinavyoingia mlangoni. Mama ameshuka bodaboda kutoka Ahero, leso imelowa mvua. "Sista, mtoto anakakamaa!" Achanganye Kijaluo na Kiswahili, kama watakavyomsikia zamu ya usiku.

Hatua ya 3: Rekodi kwa simu, dakika tatu au nne. Zima feni ili sauti isikike. Mtoto awe mwanasesere, mama awe mkufunzi mwenzako. Mgonjwa halisi usimrekodi kamwe. Uchungu wa mzazi si kifaa cha kufundishia.

Hatua ya 4: Simamisha. Hapa ndipo kazi ilipo. Kwenye video yangu muuguzi anafungua njia ya hewa, anaweka oksijeni, anatoa diazepamu, dawa ya kukomesha degedege. Degedege linakoma, mtoto analegea, mama anashusha pumzi. Kipima sukari kiko kwenye trei, kando ya pamba. Hakuna anayekigusa. Ninasimamisha na kuuliza: "Sasa?" Kisha ninanyamaza. Kila mmoja aandike jibu kabla ya yeyote kusema, la sivyo wapole watamfuata aliyewahi.

Wengi huandika atesuneti, dawa ya malaria kali. Dawa ni sahihi, lakini utulivu ule umewadanganya: mtoto aliyelala kwa diazepamu na aliyezimia kwa kuishiwa sukari hufanana sana. Hajala tangu jana, na malaria yenyewe inammalizia sukari. Ninaendeleza video: kipimo kinasoma milimoli 1.8 kwa lita ya damu. Chini ya 2.5 apewe glukosi ya asilimia 10 mshipani, mililita 5 kwa kila kilo. Ana kilo 12. Wapige hesabu kwa sauti hadi wote wafike mililita 60.

Hatua ya 5: Wainuke papo hapo, wawili wawili, warudie kwa mwanasesere. Wiki inayofuata onyesha video ileile bila kusimamisha, nawe usikilize ni nani atakayesema "sukari" kabla mama hajashusha pumzi.