Kupaka rangi upya plastiki za ndani ya pikapu kuukuu

Pikapu nyingi za kazi hapa Nairobi, ziwe Hilux za miaka ya 1990, Isuzu TFR au Nissan Hardbody, bado zina injini nzima ilhali ndani zimechakaa: dashibodi imepauka kwa jua, paneli za milango zimevimba chini, fremu ya mita imekwaruzwa na funguo. Plastiki hizo zinarudishika kwa rangi ya kopo la kunyunyizia. Zikianza kumenyeka baada ya miezi michache, watu huilaumu rangi. Mara nyingi kosa lilifanyika kabla kopo halijatikiswa: plastiki ilikuwa bado na silikoni, au mpakaji hakujua anapaka plastiki ya aina gani.

Silikoni hiyo hutoka kwenye polishi ya dashibodi, ile inayoacha kila kitu kiking'aa gari likitoka kuoshwa. Huingia kwenye chembe za plastiki na kukaa humo. Rangi ikitua juu yake hujitenga na kuacha vishimo vya mviringo, na kuongeza rangi hakuvizibi. Gari likishaamuliwa kupakwa, asilipake mtu polishi hiyo tena hadi kazi iishe.

Kufungua

Toa waya hasi wa betri kwanza. Gari likiwa na airbag, Toyota huagiza kusubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote karibu nayo. Kungoja dakika kumi hakuna hasara. Kifuniko chenyewe cha airbag kisipakwe rangi. Kimetengenezwa kipasuke kwenye mstari maalumu, na tabaka la rangi au gundi juu ya mstari huo halina kazi pale.

Skrubu za nyota za magari ya Kijapani ni za umbo la JIS (kiwango cha Kijapani), na nyingi zina kitone kidogo kichwani. Bisibisi ya kawaida ya Phillips huruka na kula kichwa, hasa skrubu ikiwa na kutu. Nunua bisibisi ya JIS namba 2, ikandamize kwa nguvu kabla ya kuzungusha. Kila sehemu iwe na bahasha yake ya skrubu iliyoandikwa jina, kwa sababu ndefu ikiingia mahali pa fupi hutoboa plastiki upande wa pili.

Mkono wa kuzungushia kioo umeshikwa na klipu ya waya yenye umbo la U, iliyojificha nyuma. Pitisha kitambaa cha pamba kati ya mkono na kisahani chake, kishike ncha mbili, kivute kushoto na kulia kama unang'arisha kiatu huku ukikisukuma kuelekea upande wenye uwazi wa klipu. Itaruka. Funika eneo hilo na taulo isije ikapotelea chini ya kiti.

Paneli ya mlango ivutwe karibu kabisa na klipu, kwa kifaa bapa cha plastiki cha kubandulia. Ukivuta pembeni, ubao wa paneli uliolowa huchanika na klipu hubaki mlangoni na kipande cha ubao. Asubuhi za Julai plastiki kuukuu huwa ngumu na hukatika ovyo. Liweke gari juani saa moja kwanza. Klipu zilizovunjika huuzwa moja moja kwenye maduka ya spea ya Grogan na Kirinyaga Road. Nenda na sampuli, na upime kipenyo cha tundu la mlango: vichwa hufanana hata kama miguu haitoshani.

Ukishatoa paneli, angalia kama karatasi ya nailoni iliyobandikwa mlangoni bado ipo. Mara nyingi haipo. Fundi aliyetengeneza kioo aliichana akaitupa, na tangu siku hiyo maji ya mvua yanayoteremka kando ya kioo yanaingia kwenye ubao badala ya kutokea matundu ya chini ya mlango. Ndiyo sababu paneli imevimba. Kata karatasi ya polithini ya geji 500, ile ya kuzuia unyevu kwenye sakafu za nyumba, uibandike kwa tepu ya butili, ile ya mpira unaonata. Ncha ya chini iingie ndani ya uwazi wa mlango ili maji yaelekee huko. Zibua pia matundu ya chini kwa waya. Usipofanya hivi, paneli uliyoipaka vizuri itaharibika mvua za Aprili.

Kujua plastiki

Geuza kila kipande usome alama nyuma, herufi zinazotaja aina ya plastiki: hapa muhimu ni ABS na PP (polipropilini). ABS hushika rangi vizuri. PP, pamoja na PP+T20 ambayo ina talki, haishiki rangi yoyote bila praima (rangi ya msingi) maalumu ya plastiki, kwa kuwa uso wake hauruhusu kitu kung'ang'ania. Pasipo na alama, kwaruza kidogo upande wa nyuma kwa msasa: ABS hutoa unga mkavu, PP hutoa nyuzinyuzi laini kama nta. Kuna pia jaribio la maji: kipande cha PP tupu huelea, cha ABS huzama. Ila PP yenye talki huweza kuzama pia, kwa hiyo uamini msasa zaidi ya ndoo. Ukibaki na shaka, tumia praima ya plastiki kote. Juu ya ABS haina madhara.

Sehemu laini zenye ngozi ya vinili, kama juu ya dashibodi na sehemu za kuegemeza mkono, ni habari nyingine. Zinapinda, na rangi ya kawaida hupasuka. Zinataka rangi ya vinili, inayojipinda pamoja nazo. Hazipigwi msasa.

Kuosha

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo watu hukimbia. Osha vipande kwa maji ya moto na sabuni ya unga, ukisugua mifereji kwa brashi ya kucha. Suuza, kausha. Kisha futa kwa dawa ya kuondoa nta na silikoni inayouzwa kwenye maduka ya rangi za magari, kwa vitambaa viwili: kimoja kimelowa dawa, kingine kikavu kinachofuata mara moja kabla dawa haijakauka. Kitambaa kimoja kinahamisha tu uchafu kutoka hapa hadi pale. Geuza upande mara kwa mara, na rudia mara tatu.

Mwagia maji. Yakitandaa kama karatasi moja, silikoni imetoka. Yakijikusanya matone matone kwenye ABS, rudia; PP huweza kuyakusanya hata ikiwa safi. Usipige msasa kabla ya jaribio hili kupita, maana msasa huisukuma silikoni ndani ya mikwaruzo.

Petroli isitumike, hata kama gereji ya jirani huitumia: huacha mafuta na huvimbisha baadhi ya plastiki. Asetoni na thina kali huyeyusha ABS, na uso ukishakuwa laini kama nta ya mshumaa hakuna msasa wa kuurudisha.

Kuparua na kuziba nyufa

Plastiki nyingi za ndani zina mchoro mdogo mithili ya ngozi. Msasa huufuta na kuacha madoa bapa yanayoonekana hata chini ya rangi. Tumia padi ya kusugulia ya kijivu ya Scotch-Brite na maji ya sabuni hadi mng'ao wote uishe, kisha suuza na ufute tena kwa dawa. Msasa uwe kwa plastiki ngumu isiyo na mchoro tu: namba 320 palipo na mikwaruzo mirefu, kisha 600 ya maji.

Ufa kwenye ABS huzibwa kwa uji wa ABS: katakata vipande vya plastiki hiyohiyo, viloweke kwenye asetoni ndani ya chupa ya kioo usiku kucha, paka upande wa nyuma, acha siku nzima. PP haiyeyuki hivyo, na supa gluu haiishiki. Hiyo huunganishwa kwa moto: chuma cha solda na wavu mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, unaozamishwa nyuma ya ufa. Toboa tundu la milimita 2 mwisho wa ufa usije ukaendelea. Fanya kazi nje, moshi wake si wa kuvuta.

Dashibodi iliyopasuka hadi sponji ionekane haitengenezeki kwa rangi. Ipeleke kwa fundi wa viti aivalishe, au tafuta nyingine ya mitumba.

Vifaa na hali ya hewa

Kopo la mililita 400 hutosha takriban mita moja ya mraba kwa mikono mitatu, yaani matabaka matatu. Kwa pikapu ya kabini moja, ukiacha dashibodi, panga kopo 1 la praima ya plastiki, 1 la praima ya kujazia sehemu ulizoziba, na 3 za rangi. Ongeza klia (rangi angavu ya kukinga) isiyong'aa kopo 1 kwa vishikio, fremu ya mita na kifuniko cha droo, sehemu zinazoguswa kila siku. Maduka ya kuchanganya rangi yanaweza kukulinganishia rangi ya asili. Peleka kipande na waonyeshe upande ambao jua halikuufikia, la sivyo watakuchanganyia rangi iliyopauka.

Chagua rangi isiyong'aa au yenye mng'ao hafifu. Sehemu ya juu ikiwa na mng'ao, kioo cha mbele kitajaa kivuli chake saa za jua kali na dereva haoni barabara. Rangi za 2K, zinazochanganywa na kigumushi, zina aisosaineti, kemikali ya sumu, na barakoa ya vumbi haizuii mvuke wake. Bila vifaa vya karakana halisi, baki na rangi ya kopo ya kawaida. Hata hiyo, vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke, na isinyunyiziwe ndani ya kabini wala karibu na jiko la makaa.

Nyunyiza kukiwa na joto la nyuzi 18 hadi 28. Asubuhi za Julai ni baridi mno, na unyevu wa msimu wa mvua huifanya rangi ikauke na ukungu mweupe. Januari na Februari tatizo ni vumbi: mwagia sakafu maji, na fanya kazi mapema kabla upepo haujaanza. Kopo likiwa baridi, liweke kwenye maji ya vuguvugu dakika kumi; lisiwekwe kamwe kwenye maji ya moto.

Kunyunyiza

Praima ya plastiki ni nyembamba, karibu haionekani, na hapo ndipo watu huiongeza bila sababu. Mikono miwili myepesi inatosha. Fuata muda ulioandikwa kwenye kopo, kwa kawaida dakika 10 hadi 30, kwa kuwa ikikauka mno hupoteza ushikaji. Tikisa kopo la rangi dakika mbili baada ya gololi kuanza kusikika. Simama sentimita 20 hadi 25, anza kubonyeza nje ya kipande na uachilie nje ya kipande, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia. Mkono wa kwanza uwe vumbi tu, plastiki ionekane bado. Ngoja dakika 15, kisha mikono miwili kamili. Rangi ikiteremka, usiiguse. Iache ikauke siku mbili, isawazishe kwa msasa 800, upake tena.

Palipozibwa na mchoro kupotea, nyunyiza praima ya kujazia kutoka sentimita 45, itue nusu kavu kwa chembechembe. Hailingani kabisa na mchoro wa kiwanda, lakini jicho halisimami hapo.

Paka pia kipande kimoja kisichoonekana, na baada ya siku mbili kikate kwa wembe mistari midogo ya mraba, bandika tepu ya karatasi, ivute ghafla. Miraba ikitoka na tepu, kuosha hakukukamilika au praima ilikauka mno, na ni bora ulijue sasa.

Kurudisha

Vipande vishikwe baada ya saa 24 na kufungwa baada ya 48. Kaza skrubu kwa mkono tu. Weka vipande vya kitambaa cha feliti panapogusana plastiki na chuma, maana mlio wa dashibodi kwenye barabara ya mawe huanzia hapo. Rangi wala thina isiguse ukanda wa mkanda wa usalama. Ukilowa, badilisha mkanda. Kwa wiki tatu futa kwa kitambaa chenye maji peke yake.

Mkono wa kioo uwe wa mwisho. Klipu ikae kwenye mkono kwanza, kisha sukuma kwenye mhimili hadi ulie tap, mikono ya milango yote miwili ikielekea upande mmoja kioo kikiwa juu.