Jinsi ya Kuendesha Darsa kwa Wachezaji wa Michezo ya Mtandaoni

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia ustadhi mmoja wa Kondele, hapa Kisumu, kuanzisha darsa, yaani somo la dini, katika kundi la vijana wanaocheza kwa simu na kuzungumza kupitia Discord, programu ya mazungumzo ya sauti na maandishi.

Hatua ya 1. Omba ruhusa ya msimamizi wa seva (ukumbi wa kundi ndani ya Discord), na usihubiri katikati ya mechi. Sura An-Nahl, aya ya 125, imeagiza hikima, na kijana anayekwepa risasi nyuma ya ukuta hana sikio la mawaidha.

Hatua ya 2. Fungua chaneli ya sauti ya darsa peke yake.

Hatua ya 3. Tengeneza sauti ya msomaji wa Qur'ani kabla ya siku yenyewe, kwa maana hapa ndipo wengi hukwama. Kichujio cha kelele cha Discord kimeundwa kwa mazungumzo ya kawaida, kwa hiyo kikikutana na madda (kuvuta sauti) ya harakati sita mwishoni mwa Al-Fatiha, kinaweza kuidhania mvumo wa feni na kuikata, msikilizaji akabaki na nusu ya neno. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya msomaji, uzime kichujio hicho pamoja na kinachopandisha na kushusha sauti chenyewe. Kisha zuia kipimo kinachofungua maikrofoni kisijiamulie, ukiweke chini kwa mkono, la sivyo ghunna, ile sauti ya puani, itapotea. Kichujio kikishazimwa, kelele za bodaboda nazo huingia. Basi msomaji ajifungie chumbani, na wengine wote wazimiwe maikrofoni hadi wakati wa maswali. Mimi hupendelea vipokea sauti vya waya, kwa kuwa maikrofoni ya Bluetooth huififisha sauti. Mwisho, jirekodi ukisoma, usikilize kwa simu nyingine inayotumia bando, si Wi-Fi ya msikitini.

Hatua ya 4. Anza saa mbili na nusu usiku, Isha ikiwa imeshaswaliwa, na uishie dakika kumi. Swahaba Ibn Mas'ud amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwachagulia masahaba siku za mawaidha ili wasichoke.

Hatua ya 5. Maswali yajibiwe hadharani. Discord huruhusu watoto wa miaka 13, kwa hiyo usimwite mtoto kwenye ujumbe wa faragha, hata akiwa anataka kusilimu. Mwombe aje na mzazi. Anayeuliza kuhusu talaka au mirathi yake mwenyewe aelekezwe kwa kadhi.