Namna ya Kusoma Fikra Zilizomo Ndani ya Majengo, Kuanzia Mikindani hadi Mtwara Mjini

Anayetaka kuzielewa fikra za usanifu wa kisasa aanzie Mikindani, mji wa kale wa pwani karibu na Mtwara Mjini, kwenye majengo yaliyozitangulia. Simama mbele ya nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe na chokaa, uangalie unene wa ukuta, baraza wanapoketi wageni, na mlango wa nakshi unaotangaza hadhi ya mwenye nyumba. Tangazo hilo ndilo walilolikataa wasanifu wengi wa Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20. Adolf Loos wa Vienna aliiona nakshi kuwa ni kupoteza jasho la fundi. Na shule ya Bauhaus, iliyoanzishwa na Walter Gropius mjini Weimar mwaka 1919, ilikuja kutafuta umbo sahili ambalo kiwanda kingelitoa kwa wingi na mtu wa kawaida akalimudu. Kwa hiyo uonapo ukuta mtupu wa zege, usiseme upesi kwamba fedha ziliisha. Jiulize kwanza kama utupu huo haukuwa msimamo.

Kisha nenda Mtwara Mjini, mji uliopangwa baada ya Vita Kuu ya Pili ili uhudumie mradi wa karanga wa Waingereza, uliovunjika mwaka 1951. Shuka kwenye bajaji utembee, maana upana wa barabara zile na umbali wa mtaa na mtaa hausomeki ukiwa umeketi. Wanausasa, yaani wasanifu wa kisasa, wa Ulaya walitaka makazi yatengwe na viwanda, wakidai hewa safi kwa wote. Lakini katika miji ya Tanganyika watu walitengwa kwa rangi, uzunguni, uhindini na uswahilini, na hoja ya afya ikatumika kuutetea ubaguzi. Hapa usiwe mpole: pima nani alipewa upepo wa bahari na nani alinyimwa.

Baada ya uhuru, zege lilelile lilibeba siasa nyingine, kama msanifu Mtanzania Beda Amuli alivyoonyesha kwa Soko la Kariakoo, Dar es Salaam. Hata hivyo, usiishie kwenye majengo ya kusifiwa. Vijiji vya Ujamaa vya Mtwara na Lindi, vilivyofuata Azimio la Arusha la 1967, navyo ni usanifu: usawa uliochorwa ardhini kwa mistari ya nyumba. Mwamkie mzee aliyehamishwa, umuulize bila haraka mikorosho yake ilibaki umbali gani na nani aliipalilia, kisha uandike jibu lake kando ya mchoro wako wa kijiji.