Plagi haitoi moto? Usikimbilie kununua CDI

Nazungumzia pikipiki za mtindo wa Honda CG125, zenye CDI (kisanduku cha umeme kinachoiamuru plagi itoe cheche) ya pini tano, inayolishwa na koili za sumaku ya injini, si betri. Rangi za waya ninazotaja ndizo za kawaida. Zako zikitofautiana, fuata waya hadi inakotoka.

Hatua ya 1. Fungua plagi, ichomeke kwenye kofia yake, ilaze chuma kwa chuma juu ya injini. Iwe mbali na tundu lake, mvuke wa petroli usije ukalipuka. Washa swichi, piga kiki. Cheche ya bluu ikitoka, hamia kwenye kabureta. Isipotoka, jaribu plagi nyingine na kofia nyingine.

Hatua ya 2. Hapa ndipo hela za watu zinapopotea. Waya nyeusi yenye mstari mweupe inatoka kwenye CDI kwenda swichi ya funguo na swichi ya kuzimia. Ukizima, waya hiyo inaunganishwa na bodi, yaani chuma cha pikipiki, moto unakatika. Sasa ikichubuka ikagusa chuma, au maji yakiingia kwenye swichi baada ya kuosha, ni sawa na pikipiki iliyozimwa, hata funguo ukiizungusha vipi.

Chomoa waya hiyo tu kwenye CDI, piga kiki. Moto ukirudi, CDI ni nzima. (Injini ikiwaka hapo, funguo haitaizima, ingiza gia, kamata breki, achia klachi.) Irudishe, kisha chomoa soketi za swichi moja baada ya nyingine mpaka umpate mchawi. Anza shingoni, waya zinapokunjwa kila usukani ukigeuka. Halafu inua tenki. Ukiona tepu kuukuu imevimba, ibandue. Mara nyingi shaba iko wazi chini yake.

Hatua ya 3. Bado? Kaza na safisha waya ya kijani inayofungwa kwenye bodi; kutu au rangi chini ya bolti inatosha kuua moto. Chomoa soketi ya sumaku, weka mita kwenye ohm. Nyeusi-nyekundu na kijani: mamia ya ohm. Bluu-nyeupe na kijani: kati ya 100 na 200 hivi. Ikisoma sifuri au isiposoma kabisa, koili hiyo imekwisha.

Hatua ya 4. Yote yakiwa sawa, omba mwenzako kijiweni akuazime CDI ya pikipiki kama yako, kisha koili ya plagi. Kitakachorudisha moto ndicho cha kununua.