Kabla ya samaki kupanda basi: tangi la mimea hapa Mtwara

Ukiagiza samaki wa mapambo kutoka Dar es Salaam, wanasafiri kilomita zaidi ya 500 ndani ya mfuko wa plastiki. Wakishuka stendi usiku hakuna wa kumrudishia. Kwa hiyo samaki ndio wanunuliwe mwisho. Mwezi mzima kabla yao ni wa maji.

Tangi unaweza kuundiwa na fundi wa vioo. La sentimita 80 kwa 35 kwa 40 huingia lita 112, na ukijumlisha kioo na mchanga uzito unavuka kilo 130, hivyo stendi ya televisheni isahau. Mbane fundi kwenye silikoni: ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu ni sumu kwa samaki. Liweke mbali na dirisha linalopigwa jua, la sivyo utafuga mwani.

Maji ndiyo yanayoamua utafuga nini. Tazama birika la chai nyumbani: likiwa na ukoko mweupe ndani, na sabuni haitoi povu upesi, maji yako ni magumu, na visima vya pwani mara nyingi huwa na chumvichumvi pia. Usishindane nayo. Samaki wadogo kama gapi, moli na plati huyafurahia. Neon tetra, mwenyeji wa bonde la Amazoni, anataka maji laini. Kama huna tangi la kuvunia mvua, mwache dukani. Maji ya bomba yatie dawa ya kuondoa klorini.

Mchanga wa ufukwe wa Shangani ni mzuri kwa macho tu, kwani vipande vya makombe na matumbawe huzidisha ugumu wa maji. Tafuta wa mtoni, uoshe bila sabuni mpaka maji yatoke safi. Panda valisineria, mmea wenye majani kama utepe, mchangani. Mimea ya anubiasi na kangaga wa Java ifunge kwenye jiwe au gogo, maana shina lake likifukiwa huoza. Taa saa 8 kwa siku zinatosha.

Sasa washa chujio, tia chembe za chakula cha samaki, usubiri. Chakula kikioza hutoa amonia. Bakteria wanaoota kwenye sponji ya chujio huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati, ambayo mimea huila. Kazi hiyo huchukua wiki 4 hadi 6, na maji kung'aa si dalili kwamba imekamilika. Nunua vipimo: amonia na nitriti zote zisome 0.

Hita kwa joto letu ni kupoteza pesa bure. Pesa hiyo hiyo nunulia pampu ya hewa ya betri, kwa sababu maji ya moto hushika oksijeni kidogo, na umeme ukikatika saa nyingi samaki hukosa pumzi na bakteria wa chujio huanza kufa. Ndiyo maana sipendi tangi lililojazwa samaki pomoni.

Gapi chukua madume watupu, la sivyo baada ya miezi michache utakuwa unagawa vifaranga mtaa mzima. Angelfish akikua humeza wadogo. Pwani yetu ina samaki wake wa madimbwi ya msimu, jamii ya Nothobranchius, ambao mayai yao husubiri ndani ya tope kavu hadi mvua zirudi. Kwa macho yangu gapi hawafikii, ila madume hupigana na umri wao ni wa miezi tu. Hao wapewe tangi lao.

Mwuzaji asiwalishe siku moja kabla ya safari, mifuko ijazwe oksijeni na kupangwa kwenye boksi la barafu lisilo na barafu. Wakifika, zima taa, elesha mfuko juu ya maji kwa dakika 20, kisha wavue kwa wavu. Maji ya safari yamwage nje. Anza na plati 5 au 6. Wengine waje wiki mbili baadaye, vipimo vikiwa bado vinasoma 0.